Cherehani Leba

Usiku wa kuamkia leo niliota cherehani yangu ana mimba pevu, na amekuja leba mwenyewe kwa miguu yake minne ya chuma.

Sikushangaa. Miaka thelathini na minne nilikuwa mkunga hapa Mahenge, na wajawazito nimepokea wa kila namna. Nilimwomba kadi ya kliniki.

"Sina," akasema cherehani. "Tangu uninunue hujanipeleka popote. Umenifunika kitambaa cha meza, ukanitwika redio."

Ilikuwa kweli, na iliniuma. Nilipostaafu nilijifunza ushonaji parokiani, nikatundika kibao mlangoni chenye jina langu la hospitali: SISTA LEOKADIA, MSHONI WA NGUO ZA AKINA MAMA. Mteja wa kwanza akawa jirani yangu Mama Fortunata. Aliniletea kitenge cha kuvaa kwenye harusi ya mwanawe. Wiki tatu sasa kitenge kiko mezani, kizima. Nikishika mkasi mkono unatetemeka, mkono huuhuu uliokata vitovu vya nusu ya mji. Mtoto akizaliwa hakuna anayelalamika kwamba bega moja limepanda. Gauni lina lawama.

Na Mama Fortunata alishanionya: Ijumaa asubuhi anafuata gauni, au kitenge chake. Nikimrudishia kitenge, na kibao nakiteremsha siku hiyohiyo.

Basi nampandisha cherehani kitandani. Futi kamba anatoka mfukoni mwangu, anajinyoosha, anapima.

"Sentimita nne," anatangaza.

"Bado sana, mpaka njia ifunguke kumi," nasema. "Mama, nenda katembeetembee kwanza."

Cherehani anateremka, anakwenda zake koridoni akiguna. Namfuata. Koridoni kumbe ni kanisani, na harusi imeshaanza. Mama Fortunata amekaa benchi la mbele, amejiviringisha kitenge chote kama kilivyotoka dukani, karatasi ya bei imemganda begani. Hanitazami.

"Mama mkwe amevaa shuka?" bibi harusi anamwuliza padri.

"Amevaa subira," padri anajibu, anaendelea na misa.

Nilitaka kujificha chini ya benchi, lakini chini ya benchi alikuwapo mume wangu Kasiani na chupa ya chai, akingoja kama wanavyongoja akina baba wote.

"Wa kike au wa kiume?" akaniuliza.

"Ni gauni."

"Mungu mkubwa. Lina mifuko?"

Kabla sijamjibu nikajikuta leba tena, ila safari hii niliyelala kitandani ni mimi. Cherehani amevaa aproni yangu na glavu, anasoma kadi kwa sauti: "Mimba ya kwanza. Umri, miaka sitini na moja. Huyu tutamwangalia kwa karibu."

"Mimi siwezi," nikasema.

"Wote husema hivyo. Unaogopa nini?"

"Nikikata vibaya, kitenge cha watu hakirudi. Na mji mzima utasema, bibi mzima na mvi zake, nani alimtuma?"

Cherehani akazungusha gurudumu lake taratibu, kama mtu anayetafakari. "Unamkumbuka yule binti aliyekuja usiku wa mvua, analia anataka mama yake? Ulimwambiaje?"

Nilimkumbuka. Nilimwambia aache deko, uoga haujazaa mtoto. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kunywa chai. Nikaona aibu kubwa, hata ndotoni.

"Nilikuwa na ulimi mbaya," nikasema.

"Ulikuwa nao. Lakini hukumwacha peke yake hadi akajifungua. Sasa na mimi siendi popote. Maji umeshayavulia nguo, Leokadia, yaoge. Sukuma!"

Nikasukuma. Miguu yangu ikakuta pedeli, pedeli ikaitika, na gauni likatoka, mikono juu, linalia kwa nguvu. Nikafanya nilivyozoea: nikafunga uzi fundo hapa, fundo pale, nikakata katikati.

"Kilo ngapi?" Kasiani akauliza akiwa mlangoni.

"Saizi kumi na nane," mkasi akamjibu. "Na mifuko anayo."

Nikaamka. Kumekucha, Kasiani anakoroma. Nikaenda sebuleni kukikunja kitenge cha watu kabla mwenyewe hajafika. Kilikuwa mezani vilevile, kizima. Ila redio ilikuwa chini sakafuni, na uzi ulining'inia kwenye sindano ya cherehani. Nikauinua kwenye mwanga. Ulikuwa na fundo nchani. Kipande chake kilikuwa juu ya meza ya cherehani, nacho kina fundo, na katikati ya mafundo hayo uzi umekatwa kama kitovu. Hapa nyumbani hakuna mwingine anayefunga hivyo. Kasiani hata kamba za viatu namfungia mimi.

"Hodi! Sista, nimefuata kitenge changu. Harusi ni kesho, jamani!"

Mama Fortunata alinikuta nimeshika mkasi. Mkono ulitetemeka, nikauacha utetemeke, nikakata hivyohivyo mbele ya macho yake. Akapiga yowe. Nikalifahamu yowe hilo, nimelisikia maisha yangu yote.

"Sista, unafanya nini?"

"Tulia, mama," nikamwambia. "Ndiyo kwanza sentimita nne. Nenda katembeetembee, urudi saa kumi."