Jike Bado Hajala

Fundi cherehani hakuwa na wa kuongea naye ila wateja, na mteja akishapimwa kiuno, huyoo, kaenda zake. Mwanawe wa pekee alipata kazi mbali. Kupiga simu? Labda mwezi uandame mara mbili. Mzazi ni mzazi, akavumilia.

Ikawa mwana kahamia chumba ambacho mwenye nyumba hataki hata paka. Akamletea mama wadudu wake wawili, mbawakawa dume na jike, wa mwisho wa ukoo aliokuwa akiufuga tangu shuleni. Masharti yakawa marefu kuliko ya mganga. Jike katoka juzi udongoni, bado hajakomaa. Asikutanishwe na dume mpaka aanze kula ndizi, na akishaanza, zihesabiwe siku kumi. Dume yeye kakomaa zamani, siku zake zinahesabika. Na zile taya zake ndefu zifungwe uzi kwanza, maana jike akikataa, dume humkata vipande.

Basi simu ikaanza. Kila jioni, saa moja kamili: mama, jike amekula? Bado, mwanangu. Kisha mawili matatu ya mvua na mgongo, na mama analala roho kwatu.

Siku ya kumi na nne akakuta ndizi imetobolewa. Jioni alipoulizwa, akafungua mdomo kusema ndiyo, ikatoka bado.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya kwake ilifika wiki tatu. Kucha za dume zikaanza kukatika, moja moja. Asubuhi moja fundi akamkuta chali, miguu inapapasa hewa, hawezi kujigeuza. Aibu ikamwakia masikioni. Maskini yule alikuwa anakufa akisubiri, na anayemsubirisha ni yeye, anayejua kusubiri kunavyouma.

Akakata uzi. Akazifunga taya kwa fundo lile lile la kushikizia vifungo, akamweka dume mgongoni mwa jike, akakaa kuwatazama. Saa nzima hakushona kitu. Hawakugombana.

Jioni akakiri yote. Mwana akaguna, lakini furaha ikamzidi. Hata hakuuliza alidanganywa kwa nini. Akaongea kuliko siku zote, jike atakavyotaga, udongo uwe na unyevu kiasi gani.

"Basi mama, usifukue kwa miezi miwili. Tutaongea wakati huo."

"Miezi miwili," mama akasema. "Na mimi je? Mbona mimi huniulizi kama nimekula?"

Simu ikakatika. Hakujua ni mtandao au ni mtu.

Kesho yake akapika mapema, akala peke yake, akaosha sufuria na kuiinamisha ikauke. Saa moja ikafika, ikapita. Akaanza kupinda suruali ya mteja, akakosea, akafumua. Saa moja na nusu simu ikalia.

"Mama." Sauti ya mwana ilikuwa ndogo. "Umekula?"

Fundi akaitazama sufuria, imeshakauka.

"Bado, mwanangu."