Filamu ya Mashati ya Mistari

Vikombe vitano. Hiyo ndiyo bei ambayo Kona aliuzwa, na hata leo ukitaka kumwona amekunja uso, mtajie vikombe vitano.

Kona si jina alilopewa na mama yake. Alibandikwa na wenzake katika chumba cha kufulia shuka za hoteli, kwa sababu hakuna shuka iliyopita mikononi mwake bila kona kukutana na kona. Ikizidi hata upana wa ukucha, inakunjuliwa na kuanzwa upya, na aliyeshika upande wa pili anune atakavyo. Kwa miaka tisa aliyeshika upande wa pili alikuwa mwanamke mmoja tu, mwepesi wa mwili na mwepesi zaidi wa mdomo, ambaye watu walimwita Pacha kwa jinsi wawili hao walivyokuwa hawaachani. Shuka ya kitanda kikubwa haikunjwi na mtu mmoja. Mnasimama mbalimbali, mnaivuta, mnaikung'uta, kisha mnatembea kuelekeana mpaka vidole viguse vidole. Mnaachana, mnarudiana, tangu asubuhi hadi jioni. Kila mnapokaribiana mnapata nafasi ya kusema neno moja kwa sauti ya chini, na mashine zinazonguruma hazimruhusu mwingine alisikie. Hivyo ndivyo Kona alivyomwambia Pacha mambo yake, neno kwa neno, shuka kwa shuka. Walikuwa na sheria yao: la shuka hukunjwa na shuka.

Sheria nyingine ilikuwa ya chumba kizima. Jumatatu, saa ya chai, mashine zikizimwa, kila mtu alete filamu aliyoitazama mwisho wa wiki. Anasimulia, wenzake wanatoa maoni, wanatoa maksi juu ya kumi. Ikipata chini ya tano wanasema irudishwe kwenye maji. Na atakayekuja mikono mitupu ataosha vikombe vya wote kwa wiki nzima. Wote wenyewe ni watu watano.

Jumatatu hiyo hoteli moja ilitaka shuka zake kabla ya adhuhuri, kwa hiyo Kona na Pacha waliendelea kukunja wakati wenzao wamekaa na chai. Fundi wa mashine, baba mmoja mpana kama kabati, alifungua.

"Jamaa ana bastola moja. Nimehesabu kwa vidole: kapiga risasi arobaini na moja, hajajaza hata mara moja. Mashine zangu zingekuwa hivyo, mngeniona hapa? Nne. Kwenye maji."

Bibi Harusi, mpiga pasi aliyeolewa miezi mitatu iliyopita na ambaye hakuwa amechoka kulitaja, alileta ya mapenzi. "Jamani, nimelia mpaka mume wangu kaniuliza nani kafa."

"Hiyo naijua," Fundi akasema. "Mwanamke analala na wanja, anaamka na wanja. Mke wangu akilala na wanja, foronya inabidi niilete hapa."

Walicheka, wakampa sita kwa ajili ya machozi yake. Kisha Dereva, anayeleta marobota ya shuka chafu na kupeleka safi, alisimulia kuhusu gari lililoruka daraja lililokatika. "Hata taa haikupasuka! Mimi nikiruka tuta tu, siku hiyo ni gereji. Au unasemaje, shemeji?"

Shemeji ni Kona. Dereva alikuwa jirani yake, milango miwili kutoka kwake katika ua uleule, na alimwita hivyo tangu alipohamia hapo, miaka miwili nyuma. Mume mwenyewe hajawahi kumtia machoni. "Bwana wako namfahamu kwa mashati tu," humwambia kila mara, na Kona hujibu, "Anatoka alfajiri, shemeji, anarudi usiku wa manane." Dereva alikuwa mtu mwema, lakini ukitaka jambo lifike mwisho wa mtaa kabla ya chai kupoa, mwambie yeye.

Ikabaki zamu ya Pacha. Kona alijua kwamba Pacha hana kitu. Televisheni yake ilikufa tangu Ijumaa, alimwambia asubuhi hiyo kwenye shuka ya kwanza kabisa, na Kona alikuwa ameshapanga kumsaidia vikombe.

"Mimi nimeona moja," Pacha akasema, akivuta upande wake. "Jina silijui, niliikuta imeshaanza. Mwanamke ameachwa na mumewe. Anaamka, begi halipo, mtu hayupo. Kaachiwa mashati sita. Basi haambii mtu! Kila Jumamosi anayafua, anayaanika uani watu wayaone. Anayapiga pasi, anayatundika. Jumamosi nyingine anayatoa, masafi vilevile, anayafua tena. Miaka minne!"

Kona alidhani hakusikia vizuri. Alisimama ameshika kona mbili za shuka, na kwa muda mfupi akamtazama Pacha kama mtu anayesubiri mwenzake aseme natania. Pacha hakumtazama. Alikuwa amewageukia wasikilizaji wake, uso unang'aa. Mashati yale yalikuwa ya Kona. Miaka ile minne ilikuwa yake.

"Anafulia hewa!" Fundi akaangua kicheko. "Mbili. Mwanamke mjinga namna hiyo hayupo, hata kwenye filamu."

"Maskini, bado anampenda," Bibi Harusi akasema.

"Anampenda nani? Kichaa huyo!" Fundi akasema. "Mtu kakuacha na wewe unamtilia wanga kwenye kola! Angempelekea na chai huko alikokwenda."

Wakacheka tena, na Pacha akacheka nao. Kona akaivuta shuka kwa nguvu hata Pacha akayumba hatua moja mbele.

"Mashati yenyewe yakoje?" Dereva akauliza. Alikuwa ameacha kutafuna.

"Ya mistari," Pacha akasema. Mtu akishapewa masikio hajui tena kusimama. "Mawili ya bluu, moja la kijani lenye kiraka kwenye kiwiko..."

Dereva akaweka kikombe chini polepole, akamtazama Kona. Kona aliyaona macho yale, akajua yamekwisha soma. Na hapo hasira zikachanganyika na hofu, kwa sababu siku mtaa ukijua kwamba mashati yale hayana mwenyewe, mlango wake utakuwa hauna kufuli. Hilo Pacha alilijua. Aliambiwa kwenye shuka, kwa sauti ya chini, na aliyemwambia alikuwa analia. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini Kona hakuwahi kufikiri kwamba kitakuja kusimama upande wa pili wa shuka na kumsimulia.

"Na mwisho wake?" Bibi Harusi akauliza.

"Mwisho mzuri! Mume anarudi. Anafungua kabati, anakuta mashati yake yote, analia kama mtoto. Wanakumbatiana."

"Muongo," Kona akasema.

Hakupaza sauti. Pacha ndiyo kwanza akamtazama.

"Nami nimeiona hiyo filamu," Kona akaendelea. "Nimeiona tangu mwanzo, sikuikuta katikati. Umekata kipande, Pacha. Waambie kuhusu kitasa."

"Dada, tuache, ni filamu tu..."

"Waambie! Hutaki? Nitawaambia mimi. Mume aliondoka mwanzo wa mwezi. Kabla mwezi haujaisha, mtu alikuja kujaribu kitasa cha mlango wa yule mwanamke. Taratibu, kama mtu anayejua kwamba ndani hakuna mwanaume. Mara ya kwanza alikaa macho mpaka kukakucha. Mara ya pili aliburuta meza akaiegemeza mlangoni, akakaa juu yake na pasi mkononi. Pasi, Fundi, kama hiyo hapo. Kulipokucha akatoka na mashati sita, akayafua yote, akayaanika pale kila mtu anapopita. Tangu siku hiyo kitasa hakijaguswa. Anampenda nani? Yule mwanaume akirudi leo, pasi atamrushia yeye!"

Sauti ilimpasuka. Akaendelea, maana angenyamaza angelia, na hakutaka kuwapa hata chozi moja.

"Mmempa mbili. Mmemwita kichaa. Nyie mlio na watu wa kulala nao nyuma ya mlango, mnacheka kwa nafasi. Haya, chekeni sasa."

Fundi alikuwa anaangalia viatu vyake. Bibi Harusi ameziba mdomo kwa kiganja. Kona akaachia shuka. Kwa miaka tisa hakuwahi kuachia shuka. Ilianguka sakafuni kwenye maji ya sabuni, na Pacha akabaki ameshika upande wake peke yake.

Pacha alimfuata kwenye sinki. "Sikutaja jina," akanong'ona. "Na mimi nimekwambia mara ngapi uachane na hayo mashati? Hunisikii. Nikasema labda ukiwasikia watu wengine..."

"Usinitengenezee wema hapa. Ulikuwa huna filamu."

Pacha akainamisha macho kwenye sinki.

"Vikombe vitano, Pacha! Ungeniambia tu. Ningekuoshea mimi. Ningekuoshea mpaka mwaka uishe."

Wiki hiyo Kona alikunja na Bibi Harusi, ambaye kona zake hazikutani hata kwa kubembelezwa, na Pacha akapelekwa kwenye taulo, kazi ya mtu mmoja. Mara mbili alijaribu salamu. Kona alimjibu salamu, kwa sababu salamu ni deni la kila mtu, na baada ya hapo hakuongeza neno. Hasira zake hazikupungua hata tone. Usiku aliiburuta tena ile meza mlangoni, akamlaani Pacha kwa kila futi ya sakafu aliyoikwaruza.

Dereva ndiye aliyemtia wasiwasi zaidi. Alileta marobota, akabeba shuka safi, akaondoka, kila siku bila utani. Wiki nzima hakumwita shemeji hata mara moja. Kona alijiambia basi, maji yamemwagika, na hayazoleki. Kila jirani alipocheka uani, Kona alihisi anachekwa yeye.

Jumamosi aliamka, akayatoa mashati kabatini. Aliwaza kuyaacha. Akawaza kuyakata matambara ya kusugulia sakafu. Kisha akamkumbuka Fundi anavyosema anafulia hewa, damu ikamchemka upya, na kwa hasira hizohizo akayafua kwa nguvu kuliko alivyowahi kuyafua, akatoka nayo kwenye beseni kichwa juu. Ua ulikuwa umejaa: watu wanafua, watu wanasuka, wanaume wawili watatu wamekaa ukutani wanaota jua. Mmoja wao, au hakuna hata mmoja wao, ndiye aliyewahi kukishika kile kitasa. Hakuwahi kujua. Akaanza kuanika.

Mlango wa Dereva ukafunguliwa. Akatoka na mswaki mdomoni, akayatazama mashati moja baada ya jingine, mpaka lile la kijani lenye kiraka. Kona akashika kibanio na kungoja.

"Shemeji!" Dereva akapaza sauti, ua mzima ukageuka. "Jamaa ameamka?"

Dereva akatema povu la mswaki.

"Akiamka mwambie nimekuja kushtaki! Siku moja anayopata ya kulala mpaka jua litoke, anakoroma mpaka ukuta wangu unatikisika? Mwambie akoromee kazini, sisi wengine tuna usingizi wetu!"

Watu wakacheka. Wale wa ukutani nao wakacheka, mmoja akautupia jicho mlango wa Kona, kisha akatazama pembeni. Ndipo mama wa chumba cha katikati, aliyepakana na Kona ukuta kwa ukuta kwa miaka yote minne, akasema bila kuinua macho kwenye beseni lake:

"Hata mimi nimemsikia."

Kona akamtazama yule mama. Yule mama akaendelea kusugua nguo zake.

"Nitamwambia," Kona akasema. Akainama, akalichukua shati la mwisho, akalinyoosha mpaka kona ikakutana na kona, na akalibana kwa vibanio vitatu.