Machicha ya Dawa Mlangoni kwa Fei

Saa tano asubuhi dripu ya Suisui ilikuwa imefika nusu, na mama yake, Yaoqin, alikuwa kwenye jiko la mwisho wa wodi ya watoto, anachemsha chungu cha dawa za asili. Ndivyo walivyotibu nimonia pale: dawa ya hospitali mshipani, ya miti kooni. Dripu ilikuwa imeshusha homa, lakini hii ilikuwa siku ya tano na kifua cha mtoto bado kilikoroma, mbavu zikibonyea kila alipovuta pumzi.

Daktari Bian, bibi wa dawa za asili, alipita akanusa mvuke. Akasimama. Akachukua vijiti vya kulia chakula, akachokora chunguni.

"Mama Suisui, nani kakupa hii?"

"Dirisha la dawa, Bibi. Siku zote tatu."

"Niliandika mahuang ya kufungua kifua. Hivi ni vijiti vya ufagio! Na jiwe la jasi la kushusha joto liko wapi?"

Yaoqin alizima jiko. Siku tatu alikuwa akimbana mtoto pua ili ameze maji ya ufagio.

"Nikalie na mtoto, Bibi."

Akamwaga maji, akashuka ngazi na chungu chenye machicha.

Fei, mkuu wa dirisha la dawa, alikuwa anavaa koti aende kula. Yaoqin, angali na sare ya kiwandani, akamwonyesha vile vijiti vya ufagio.

"Dada, ninyi wa kiwanda cha viatu mnajua gundi. Dawa tuachieni wenyewe."

"Daktari Bian kaona kwa macho yake."

"Basi andika malalamiko."

"Nimpe nani?"

"Mimi."

Foleni ikacheka, kicheko cha watu waoga. Yaoqin hakucheka. Machicha ya dawa humwagwa barabarani, wapita njia wayakanyage, ugonjwa uondoke na nyayo zao. Mlangoni mwa mtu hayamwagwi. Huko ni kumkabidhi maradhi. Akakipindua chungu juu ya kizingiti cha Fei, akakigonga tako mpaka machicha yakatoka yote.

"Mali yako hiyo, Mkuu. Kanyaga."

"Ushirikina! Mimi nimesoma chuo kikuu!"

"Si ukanyage basi," mzee mmoja akadakia kwenye foleni. "Elimu itakukinga."

Fei aliinua kiatu. Akakirudisha. Akamwita mfagizi.

Mfagizi aliegemea ufagio wake. "Mkuu, mimi nina mjukuu wa miezi minne."

Yaoqin akaingiza mkono dirishani. "Nipe ile iliyoandikwa."

Jasho likimtoka, Fei alifungua kabati la nyuma, lenye kufuli, la wateja wake wa pembeni. Akapima. Yaoqin alinusa kila kitu, akatafuna kijiti kimoja mpaka ulimi ukafa ganzi, kama mahuang halisi inavyofanya.

"Sasa nifagilie, dada," Fei akasema, sauti imeshuka.

Yaoqin alikwishampa mgongo. Ngazini akakutana na akina mama sita wa wodi, kila mmoja na chungu chake, wamenuna.

"Yumo?"

"Yumo. Hana pa kupita." Yaoqin akawapisha. "Chukueni dawa kwanza. Ndipo mmwage."