Upana wa Meza ya Gololi

Kaka yangu anabisha hata na tepu. Siku ile nilikuwa nimeinyoosha mbele yake juu ya meza ya karakana, namwonyesha kwa kidole: sentimita hamsini na tisa hizi hapa, arobaini na tano hizi hapa. Akaitazama tepu kwa muda mrefu, kama shahidi asiyeaminika.

"Hiyo imevutika," akasema.

"Tepu ya chuma inavutikaje, kaka?"

"Vitu vinachoka, Msumari."

Msumari ndiye mimi. Jina alinipa yeye tukiwa wadogo, kwa sababu nilikuwa mwembamba na mwenye kichwa kigumu. Sasa nina miaka hamsini na mbili, natengeneza makabati ya jikoni, na wembamba umeshaniaga. Kichwa ndicho kilichobaki.

Tulikuwa tunabishania televisheni. Kaka alifanya kazi karibu miaka thelathini katika ukumbi wa michezo, fundi wa zile meza za gololi. Kioo juu, gololi ya chuma ndani, kitufe kimoja ubavu wa kulia na kingine ubavu wa kushoto. Ukibonyeza, kijiti kinaipiga gololi irudi juu isizame shimoni. Ukumbi ulifungwa, meza zikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwaka jana akapigwa na kiharusi. Mguu ulirudi kiasi, maneno yalirudi yote na nyongeza, lakini mkono wa kushoto uligoma. Vidole vinabonyeza vizuri, ila bega halipandi, na kiwiko hakitaki kuachana na mbavu.

Dada wa mazoezi, anayekuja kila Jumanne kumnyoosha viungo, ndiye aliyesema tuvipe vidole kazi vinayoijua. Nikaulizia huku na huku, nikaambiwa kuwa siku hizi watu wanajiundia meza za gololi nyumbani. Unatengeneza sanduku la plaiwudi lenye miguu, unalaza televisheni pale ulipokuwa ubao wa mchezo, kompyuta inachora kila kitu, na gololi yenyewe ni picha tu. Sanduku si kitu kwangu. Lililobaki lilikuwa kuamua televisheni ya inchi ngapi, maana upana wa televisheni ndio upana wa sanduku, na upana wa sanduku ndio umbali wa kutoka mkono hadi mkono.

Kaka alitaka inchi arobaini na tatu. Ukiilaza hiyo kwa urefu, sanduku linakaribia kabisa meza ya kweli. Mimi nilitaka thelathini na mbili.

"Hiyo kubwa mkono wa kushoto hautafika," nikamwambia.

"Nitacheza na wa kulia."

"Kidole kimoja hakivunji chawa, kaka. Au basi nikuwekee vitufe vyote viwili hapa mbele, karibu na tumbo."

"Hiyo itakuwa taipureta," akasema, na akageuza uso.

Nilimtajia pia mlango, kona ya sebule, uzito wa mbao. Sababu yenyewe sikuitaja. Nilikuwa nimechoka. Namwogesha asubuhi, namvalisha, nashuka karakana, nashika msumeno, naitwa. Miwani imeanguka. Naitwa. Redio inakoroma. Naitwa, nafika, amesahau alichoniitia, ananiuliza kama nimekula. Wifi alikwisha kwenda zake miaka mingi kabla ya ugonjwa. Watu wakinikuta njiani wananiambia damu nzito kuliko maji, mimi naitikia, ila hakuna anayeuliza huo uzito unabebwa na nani. Nilitaka saa mbili kwa siku. Kaka amesimama kwenye meza yake anacheza peke yake, na mimi nimejilaza chali bila kuitwa na kiumbe. Kwa saa mbili hizo ningeweza kumjengea ukumbi mzima.

Kwa sababu maneno hayakuisha, nikachukua maboksi makavu yaliyokuja na friji ya mteja, nikayakata, nikaunda masanduku mawili ya majaribio, moja la upana huu na moja la upana ule. Nikachora vitufe kwa chaki. Nikaliweka kubwa kwanza juu ya viti viwili, nikamshika kaka mkanda wa suruali kwa nyuma, akasimama.

Mkono wa kulia ulikwenda wenyewe. Kiuno kikainama kidogo, goti likalegea, nikaona mwili wake unakumbuka kazi. Wa kushoto niliuinua mimi, nikauweka kwenye duara la chaki. Ukakaa kidogo, kisha ukateleza ukaning'inia. Nikauweka tena, ukaanguka tena. Mara ya tatu hakuniruhusu.

"Lete hilo lingine," akasema.

Kwenye dogo mikono yote miwili ilifika, kiwiko kikiwa kimejibanza palepale mbavuni. Vidole vikabonyeza boksi, tap, tap. Nilifurahi, sikatai. Nilikuwa naliona godoro langu.

"Umeona? Linakutosha."

"Linanitosha. Kama beseni la kumwogeshea mtoto," akasema. Alikuwa bado analiangalia lile kubwa nililolisogeza pembeni. "Msumari, unakumbuka kule ukumbini ulikuwa unasimama juu ya nini?"

"Juu ya kreti ya soda."

Mama alikuwa mfagizi wa ule ukumbi. Sisi tulimsubiri ndani kabla ya milango kufunguliwa, na mlinzi alikuwa akituwashia meza moja, ile ya mwisho karibu na choo. Nilikuwa na miaka sita. Mikono yangu haikuweza kushika kulia na kushoto kwa pamoja, hata nikijinyoosha mpaka shavu linagusa kioo. Kwa hiyo kaka alisimama kulia, mimi kushoto juu ya kreti, kila mtu na kitufe chake.

"Ulikuwa unachelewa," akasema. "Gololi inakuja upande wako, wewe unashangaa taa."

"Nilikuwa na miaka sita!"

"Ulikuwa unachelewa."

Tukacheka mpaka nikalazimika kuukaza mkanda wake asiyumbe. Halafu akautoa mkono wake wa kushoto kwenye boksi, akaushika kwa wa kulia, akasema bila kunitazama, "Chukua ndogo. Nitacheza mwenyewe, na wewe upumzike. Unadhani sioni? Jana ulisinzia na kijiko mkononi."

Mgonjwa haulizwi uji, ndivyo wanavyosema. Huyu wangu alikuwa amejiuliza mwenyewe, akajijibu, na jibu lilikuwa la kunihurumia mimi. Nilitamani sana abishe, lakini alikuwa ameshageuka kutafuta kiti, nikamkalisha.

Siku ya pili nilikwenda dukani. Televisheni zilikuwa zimepangwa ukutani kuanzia ndogo hadi ile inayohitaji nyumba yake yenyewe. Muuzaji, bwana mmoja mwenye kalamu sikioni, akanijia.

"Karibu mama. Unatafuta ya inchi ngapi?"

"Thelathini na mbili."

"Zipo, zimejaa. Mtakuwa mnaitumia watu wangapi?"

Swali la kawaida tu, nadhani humuuliza kila mteja. Mimi likanirudisha kwenye kreti. Nilikumbuka kwamba kaka wakati ule alikuwa na miaka kumi na mbili. Mikono yake ilitosha meza nzima. Angeweza kucheza peke yake kila asubuhi, na kwa ufundi aliokuwa nao gololi isingezama ovyo, na mimi ningemsubiri mama juu ya ndoo. Hakuna hata siku moja aliyoniambia nishuke.

"Wawili," nikasema. "Nipe arobaini na tatu."

Nisijisifu bure. Si upendo ulioinunua ile televisheni. Ilikuwa aibu, na hasira juu yake, na mgongo uliokuwa unaniuma tangu alfajiri. Njia nzima nilimlaumu kaka moyoni kwa wema wake. Angenigombeza ningepata kununua ndogo kwa amani.

Alikuwa ameketi mlangoni nilipoingia na boksi.

"Hiyo si ndogo," akasema.

"Ndogo zimekwisha."

"Duka zima?"

"Duka zima."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia palepale mlangoni. Akanitazama, akalitazama boksi. Kaka yangu, anayebisha hata na tepu, hakubisha.

Sanduku lilipaswa kunichukua siku mbili. Lilichukua nne, kwa sababu niliitwa. Kitufe cha kuanzishia, ambacho hata kwenye meza za kweli hukaa mbele upande wa kushoto, nilikiweka pale vidole vyake vinapofika bila kiwiko kuachana na mbavu. Jumapili baada ya chakula cha mchana tukaiwasha. Alisimama upande wake, kiuno kimeegemea ubao. Nikasimama kushoto kwake, bega kwa bega, kidole kwenye kitufe.

"Tayari?" akauliza.

"Nimechoka, kaka." Sikuwahi kumwambia hivyo hata mara moja.

"Najua," akasema. "Simama hivyohivyo."

Vidole vyake vya kushoto vikabonyeza. Gololi ikapanda, ikagonga huku na kule, kioo chote kikawaka nyekundu na kijani, kisha ikashuka taratibu upande wangu na kuzama. Nilikuwa natazama taa.

"Umechelewa, Msumari," akasema kaka, na akabonyeza tena.