Nafasi ya Sauti ya Kwanza

Jumamosi alasiri kwaya ilikuwa imeketi kwenye mabenchi ikimsubiri katibu awashe kompyuta. Katibu walimwita Kipanya, kwa kuwa mkono wake haukuachana na kipanya cha kompyuta hata alipokuwa anakunywa chai. Mwenyekiti ndiye aliyeinunulia kwaya programu ya kupanga sauti, na tangu hapo mazoezi hayakuanza kwa kupasha koo. Yalianza kwa kusogeza majina kwenye visanduku: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

Programu ilifanya kazi vizuri. Kila nafasi ilikuwa na sauti yake, na aliyewekwa kwenye nafasi ndiye aliyeondoka nayo. Kuna wakati mhazini na mama muuza maziwa walibadilishwa kimakosa. Mhazini akakaa juma zima akipokea simu kwa sauti nyororo, mkewe akawa anamkatia, kisha akazoea. Muuza maziwa naye aliita wateja kwa besi, na maziwa yakaisha mapema kuliko kawaida.

Alasiri hiyo Kipanya aliliburuta jina la binti wa fundi cherehani kutoka nafasi ya kiongozi wa sauti ya kwanza, akaliweka kwenye kisanduku cha pembeni kilichoandikwa "Wasiopangwa". Mahali pake akaweka jina la binti wa mwenyekiti. Binti wa fundi alikuwa anamsimulia jirani yake jinsi kiatu kipya kilivyomchubua kisigino. Alifika "kisi", akaishia hapo.

Fundi, aliyekuwa upande wa sauti ya pili, alimwona mwanawe akifumbua mdomo na kuufumba.

"Kipanya, mwanangu umempeleka wapi?"

"Maagizo ya mwenyekiti, mama. Nafasi zimejaa, na mfumo haupokei wa ziada."

Wakaimba. Binti wa mwenyekiti, ambaye tangu utotoni sauti yake ilikuwa kama ya mlango usiotiwa mafuta, aliimba hadi walimu wawili wa sekondari wakatoa vitambaa vya kufuta machozi.

Binti wa fundi alikuwa mtangazaji wa stendi ya mabasi. Kazi yake ilikuwa kukaa ndani ya kibanda cha vioo na kuwaambia watu basi gani linaondoka na kutoka upande gani. Jumatatu aliwasha kipaza sauti, kikatoa pumzi tupu. Abiria waliachwa. Bibi mmoja alishuka katika mji asikokuwa na ndugu hata wa dawa. Msimamizi alimwita binti pembeni.

"Dada, wiki ijayo kama hali ni hii, nitatafuta mwingine. Kibanda hakiwezi kukaa bubu."

Nyumba nzima ilikula kwa kibanda kile. Binti akawa anarudi, anavua viatu, analala akiuelekea ukuta. Alipotaka maji aligonga kitanda. Siku alipoacha hata kugonga, fundi alijifunga kanga, akaenda kwa mwenyekiti.

Aliyefungua mlango alikuwa binti wa mwenyekiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," fundi aliitikia kwa furaha, mpaka alipoiona sura.

Mwenyekiti alimkaribisha vizuri, akamkalisha kwenye kochi.

"Mama, hili si jambo la mtu binafsi," alisema. "Ni mpangilio tu. Binti yangu anaposwa mwezi ujao, naye hawezi kwenda ukweni na ile sauti. Wewe ni mzazi, unanielewa."

"Na wangu?"

"Nafasi ikipatikana, atafikiriwa."

Fundi alipiga magoti juu ya zulia. Mwenyekiti alimwinua kwa heshima zote, akamsindikiza mpaka getini.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Kipanya, akamkuta anafagia ukumbi wa kwaya.

"Nitoe mimi," alisema. "Umweke yeye kwenye nafasi yangu."

"Mama, hiyo ni sauti ya pili. Imeshazeeka."

"Inasema. Washa."

"Una neno lolote la mwisho?"

Fundi alifikiri. "Mwambie asiache kula," alisema. Kipanya akabofya.

Jumatatu iliyofuata vipaza sauti vya stendi vilitangaza mabasi ya asubuhi kwa sauti nzito kidogo, ya mama mtu mzima anayejua kukemea. Abiria walipanga mstari bila kusukumana, na msimamizi alifurahi. Fundi aliisikia akiwa kwenye cherehani yake ng'ambo ya barabara. Akatikisa kichwa, kwa kuwa mwanawe alikuwa anakimbiza maneno.

Mchana binti wa mwenyekiti alikuja kupimwa gauni la posa. Fundi alipitisha futi kiunoni, akabana kitambaa kwa pini.

"Punguza kidogo hapa, mama," msichana alisema kwa sauti ileile iliyojifunza kutamka neno hilo mapajani mwa fundi. "Au umechoka? Nikuletee maji?"

Fundi aliashiria kwamba hajachoka. Akapunguza.