Bei Haitajwi Mlangoni

Mtu akinikuta njiani akaniuliza, "Bwana Melkiori, kunitolea takataka nyumbani kwangu ni shilingi ngapi?" mimi humjibu, "Sijui." Wengine hukasirika. Na wakasirike. Nitajuaje? Nyumba yenyewe sijaiona, sijui kama takataka zake ni pumba za mpunga au ni mashine ya kukoboa iliyokufa. Bei haitajwi mlangoni. Anayetaja bei mlangoni ni mwongo au ni mgeni katika kazi, na wakati wa mambo haya, mwaka wa hamsini na sita, mimi nilikuwa nimesukuma mkokoteni hapa Ifakara miaka sita mizima.

Kazi hii Bwana Afya ndiye aliyeniletea. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba, na akikuta debe bovu uani limejaa maji na mbu, mwenye nyumba alikuwa na neno la kujibu. Watu wakaanza kunitafuta. Nikifika, kwanza nazunguka nyumba nzima kimya, mikono mgongoni. Nikimaliza namwonyesha mwenyewe ubavu wa mkokoteni, ambao nimeupiga mistari mitatu ya rangi nyeupe. Mzigo ukifika mstari wa chini ni robo, thumuni. Wa kati ni nusu, shilingi. Wa juu ni mkokoteni mzima, shilingi mbili. Chuma kizito naongeza, na njia ya matope wakati wa masika naongeza. Chenye kuuzika, kama chupa, au madebe wanayoyataka mafundi wa vibatari, hicho napunguza, maana nitapata changu huko mbele. Mpaka hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi huja kwenye senti kumi za "hicho kiache". Watu wa kwetu hawajui kutupa. Mtu anakuita mwenyewe, unabeba kiti chake kisicho na mguu mpaka nje, unakipakia, halafu anakuja mbio: "Hicho kiache kwanza!" Unakishusha. Unapakia birika, anakuja tena. Jua linapanda, mkokoteni mtupu, mgongo unauma. Basi nikaweka sharti, nikalisema wazi kabla ya kugusa kitu: kila "hicho kiache" ni senti kumi. Nimetukanwa kwa ajili ya senti hizo na watu wanaokwenda misa kila siku. Sikuwahi kulegeza.

Sasa nieleze habari za Balbina.

Alikuwa mjane wa Kibaoni, mama wa kijana mmoja aitwaye Polikarpo aliyekwenda kwenye mashamba ya mkonge, ndiyo maana watu tulimwita Mama Poli. Mumewe Dionisi alikuwa mvuvi kule Mofu, na alipofariki aliacha chumba kizima cha nyavu zilizooza, madema yaliyovunjika, na vyungu vyenye nyufa. Kwa miaka mitatu mama huyu hakukifungua. Halafu akanunua cherehani, na cherehani ikataka chumba.

Nikazunguka, mikono mgongoni. Nikasema, "Mkokoteni mzima, Mama Poli. Shilingi mbili."

"Kwa nyavu hizi? Mbona nyepesi?"

"Mimi sihesabu uzito wa nyavu. Nahesabu nafasi."

"Haya," akasema. "Pakia."

Nikapakia, zikafika mstari wa juu kama nilivyosema, nami nikasimama pembeni nikijisikia. Mama Poli akavua ndala, akafunga khanga yake vizuri kiunoni, akapanda juu ya mkokoteni wangu, akaanza kuzikanyaga zile nyavu. Alizikanyaga kama mtu anayekanyaga udongo wa kukandika nyumba, bila haraka, pembe kwa pembe, vumbi la samaki wa zamani likimfunika mpaka magotini. Majirani wakatoka kutazama. Aliposhuka, mzigo ulikuwa umelala chini ya mstari wa kati, umetulia.

"Nusu," akasema. "Shilingi moja."

Nilitaka kukasirika. Hasira huwa ninayo, wala si ya kuazima, lakini siku ile niliitafuta nisiione. Nilicheka mpaka nikashika gurudumu. Toka marehemu mke wangu Domitila alipoondoka, miaka mitano, sikuwa nimecheka hivyo.

Kitu cha mwisho kutoka chumbani kilikuwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Sehemu ya mikono ilikuwa imelainika na kung'aa kwa kushikwa. Nilikuwa nimekwisha uinua begani, aliposema kwa sauti ya chini, "Huo uache."

Nami, mjinga wa kuzaliwa, nikasema, "Senti kumi."

Hakunitukana. Alifungua pindo la khanga, akatoa senti kumi, ile yenye tundu katikati, akanipa pamoja na shilingi yangu. Kisha akauchukua upondo akauingiza ndani mwenyewe. Nimezoea kulipwa kwa kelele. Kulipwa kimya namna ile kulinichoma. Nilipofika nyumbani shilingi niliitumia, lakini ile senti kumi kila nilipotaka kuinunulia chumvi mkono ulikataa. Mwishowe nikaitundika kwenye msumari ukutani, nisiione mfukoni.

Sikuona faida. Nikawa naiona kila nikiamka.

Baada ya hapo njia zangu zote zikawa zinapita Kibaoni. Nikitoka sokoni kwenda shimo la takataka, napita Kibaoni, na shimo liko upande mwingine kabisa. Aliyeligundua jambo hili wa kwanza ni Haidari, mwenye duka ambaye mimi huegesha mkokoteni mbele ya baraza lake. Ni mtu aliyetoka pwani zamani, mpole, lakini akikutania utatamani ardhi ipasuke.

"Melkiori," akasema, "huyo mama ana takataka gani zisizoisha?"

"Nampelekea salamu tu."

"Salamu za mkokoteni mtupu? Utachakaza magurudumu. Oa, ndugu yangu, upunguze safari."

Nikamwambia ukweli wote palepale, kwamba namtaka Mama Poli awe mke wangu, na kwamba akikataa sijui nitakaaje katika mji huu. Nikamwomba awe mshenga wangu. Hakucheka tena. Siku ya Ijumaa, baada ya sala, alikwenda Kibaoni na kanzu yake safi, nami nikabaki kulinda duka lake nikiuza mafuta ya taa.

Alirudi akiwa na uso ambao sikuweza kuusoma.

"Amekataa?"

"Hajakataa."

"Amekubali?"

"Hajakubali." Akakaa, akajifuta jasho, akifurahia taabu yangu. "Amesema hivi: 'Mwambie Bwana Melkiori, mimi sitaji jibu mlangoni. Jumapili baada ya misa nitakuja kuona.'"

Kuona! Kuona nini? Niligeuka nikaenda nyumbani mbio, nikasimama mlangoni, nikaitazama nyumba yangu kwa macho ya mgeni. Nyani haoni kundule. Miaka sita nilikuwa nikiwatolea watu uchafu, na kila jioni nilirudi na kimoja ambacho niliona kitafaa baadaye. Viti visivyo na miguu, vitano. Fremu za baiskeli, tatu. Kinanda kisicho na sauti. Saa ya ukutani yenye mshale mmoja. Karai lenye tundu ambamo ningeweza kupitisha kichwa. Kutoka mlangoni mpaka kitandani nilipita kwa ubavu, na sikuwa nimeligundua jambo hilo hata siku moja.

Jumamosi nzima nilijaribu kutoa. Nilibeba kiti mpaka nje, nikasema hiki mguu wake unatengenezeka, nikakirudisha. Nilibeba saa, nikasema huenda mshale wa pili utapatikana. Kama ningejitoza senti kumi kumi, jioni ile ningekuwa nimefilisika. Nililala nikiwa na vitu vilevile na mwili umechoka.

Jumapili akaja na shangazi yake, Bibi Justa, ambaye nilimpa shikamoo na kiti kizima pekee nilichokuwa nacho. Bibi aliketi barazani akasema yeye miguu inamuuma, tuingie tu, mlango ubaki wazi. Balbina akaokota kipande cha mkaa jikoni kwangu. Akaweka mikono mgongoni. Akazunguka.

Alizunguka kama mimi ninavyozunguka, kimya, akipita kwa ubavu. Nilitamani kumsemesha lakini najua jinsi inavyoudhi mtu akikusemesha unapokadiria.

"Viti hivi?" akauliza.

"Hivyo viache, nitavi..."

Akachora mstari mmoja wa mkaa ukutani karibu na mlango.

"Kinanda?"

"Hicho kiache kwanza."

Mstari wa pili. Saa, wa tatu. Karai, wa nne, na hapo nilimsikia Bibi Justa akicheka barazani kwa mguno. Niliona waziwazi kwamba kila mstari ulikuwa unaniondolea mke, na bado mdomo wangu ulisema "kiache" kama umelogwa.

Kisha akafika penye ungo wa Domitila. Ulikuwa umetundikwa juu ya kitanda, ukingo wake umeshonwa upya kwa ukindu mahali ulipopasuka, na marehemu ndiye aliyeushona, wiki tatu kabla ya kuugua. Mimi na yeye hatukujaliwa mtoto. Ungo ule ndio ulionibakia.

Balbina hakuuliza. Alinitazama tu.

"Huo uache," nikasema.

Nikangoja mstari wa tano. Hakuuchora. Alifuta vumbi la juu ya ungo kwa ncha ya khanga, akaunyoosha kidogo ukae sawa.

"Huo hautozwi," akasema.

"Sharti ni kila kitu," nikajibu, maana ujinga wangu hauchoki upesi.

"Sharti ni lako, Bwana Melkiori. Leo anayekadiria ni mimi."

Niliona haya mpaka nikatazama vidole vya miguu yangu. Mimi nilimtoza. Upondo wa mumewe ulikuwa begani mwangu, nami nikamtoza. Nilitaka kusema nisamehe, lakini yeye alikuwa amekwisha kufika kwenye ukuta wa pili, amesimama mbele ya msumari wenye senti kumi.

"Na hii? Mbona imetundikwa peke yake?"

"Hiyo iache," nikasema upesi.

"Hiyo ndiyo nakutoza." Akachora mstari wake, akanyoosha kiganja. "Senti kumi."

Nikapapasa mifuko. Fedha yangu yote nilikuwa nimeitia katika sadaka asubuhi ile, nikiomba mambo yaende vizuri. Katika nyumba nzima hapakuwa na senti nyingine. Nikaitoa ile kwenye msumari, nikamwekea kiganjani.

"Ni yako toka mwanzo," nikasema. "Ni ile ya upondo. Sikuweza kuitumia, Balbina. Nilikosa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Aliitazama ile senti, macho yakamjaa maji, asiyafute. Kisha akaifunga katika pindo la khanga, akafunga fundo mara mbili.

Alitoka nje akasimama kando ya mkokoteni wangu, akaipima nyumba kwa macho, akaupima mkokoteni.

"Mikokoteni minne," akasema. "Mitatu, kama nikikanyaga."

"Na jibu?" nikauliza. Haidari alikuwa amenionya nisiulize, kwamba mposaji haulizi jibu kwa mdomo wake mwenyewe. Nikauliza.

Balbina alirudi mlangoni, akauangalia ukuta wenye ungo, kutoka pembe mpaka pembe.

"Ule upondo ni mrefu," akasema. "Unataka ukuta mzima. Nitauweka pale, chini ya ungo wa mwenzangu. Sasa wewe ona utapitaje."

Bibi Justa akainuka barazani, miguu ikiwa imepona ghafla, akasema basi, sasa yeye na Balbina waende nyumbani wakapike.

Kesho yake alfajiri niliusogeza mkokoteni mpaka mlangoni kwangu. Nikatoa viti, nikatoa fremu, nikatoa kinanda, saa na karai, vyote vilivyouegemea ukuta ule. Nilikwenda shimoni mara nne, na sikusema "kiache" hata mara moja.