Ngoma na Mkutano, Kiwanja Kimoja

Emerensiana aliingia ofisini kwa Katibu wa Kata kuomba kibali cha ngoma, akatoka na maneno yaliyomkwama kooni kama mwiba wa samaki. Katibu hakumkaribisha hata kiti. Alimsikiliza huku anafungua barua zake, halafu akamwambia kibali hakuna, na asihangaike tena kukiulizia kiwanja cha Majengo, maana mwezi ujao kinazungushiwa seng'enge kiwe yadi ya malori.

"Kile kiwanja kina wenyewe," Emerensiana alisema.

"Wenyewe gani, mama? Tangu nimekuja nakiona kimekaa tu, mbuzi wanakula. Nyie hata majina hamjuani. Niletee hao wenyewe niwaone."

Sasa ukiambiwa hivyo na mgeni wa miezi minane, tena kijana ambaye ungeweza kumzaa, utafanya nini? Emerensiana alifunga kanga yake vizuri, akaaga kwa adabu, akatoka. Njia nzima alilia, na msimwonee huruma, maana hakulia kwa huzuni. Alilia kwa hasira.

Kiwanja kile alikijua tangu ni pori. Mwaka ule baada ya uhuru, mumewe Stanslaus na wanaume wenzake tisa waling'oa visiki vyake kwa shoka na jembe, kila jioni wakitoka shamba, mwezi mzima na zaidi. Stanslaus alipoteza pale kidole kimoja cha mguu, shoka lilimteleza. Harusi za Majengo zilichezewa pale. Krismasi ilichezewa pale, watu wakitoka misa moja kwa moja na viatu mkononi. Sasa Stanslaus ana miaka miwili kaburini, na mtu mwenye kalamu mbili mfukoni anasema kiwanja hakina mwenyewe.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Katibu hakusema uongo wote. Tangu ule uhamisho wa mwaka sabini na nne, malori yalipowashusha watu na vyungu vyao kila upande wa mji, Majengo haikuwa Majengo tena. Wapimbwe na Wabende walikaa mistari yao ya nyumba, Wakonongo waliotoka porini Ugalla na mizinga yao ya nyuki wakakaa kivyao, Wasukuma na ng'ombe wao wakajibanza ng'ambo ya korongo. Mtu akifiwa, wanaomzika ni wa lugha yake. Kisimani wanawake walipanga ndoo zao makundi makundi na hakuna aliyemtwika mwenzake. Kiwanja kikaota majani, na ni nani alaumiwe kama si wote?

Basi Emerensiana akaamua. Kibali hakuna, ngoma ipo. Jumamosi saa kumi, watu wote wa Majengo, bila kuulizana katoka wapi.

Alianzia kwa shemeji yake Leodgar, mdogo wake Stanslaus, ambaye alikuwa balozi wa nyumba kumi na mmoja wa wale wanaume waliong'oa visiki. Alidhani hapo hana kazi. Lo, alijidanganya. Leodgar alisikia kwamba Wasukuma nao wataalikwa, uso ukabadilika. Mwaka uliopita ng'ombe wa ng'ambo ya korongo waliingia kwenye mpunga wake siku tatu kabla ya kuvuna, wakamwachia matope. Alimwambia shemeji yake kwamba yeye na watu wale hawachezi ngoma moja mpaka aende kaburini, na tena yeye ni balozi, ana amri za kufuata.

Amri yenyewe ilikuja siku ya pili yake. Katibu alikuwa amepata habari, maana Majengo siri haikai hata kwenye chungu chenye kifuniko. Akatangaza mkutano wa hadhara, kiwanja hicho hicho, Jumamosi hiyo hiyo, saa kumi hiyo hiyo, kueleza habari ya yadi. Kila balozi alete watu wake na awaandike. Atakayeonekana kwenye ngoma atajibu ofisini. Na yule mama anayechochea watu, ngoma ikipigwa, meza yake ya mchele sokoni atafute pa kuipeleka.

Meza ile ndiyo iliyokuwa ikilisha wajukuu watatu. Emerensiana alikaa jikoni akashika tama mpaka uji ukaungua. Aliwaza kuacha. Aliwaza kabisa, tena akaanza kupanga jinsi ya kuwaambia watu kwamba ameahirisha. Halafu akakumbuka lile neno, niletee hao wenyewe, damu ikamchemka upya. Akaondoka akavuka korongo.

Manyanda, kiongozi wa wachezaji wa Kisukuma, alikuwa mzee mrefu asiye na haraka. Alimpa kigoda, akampa maziwa, akamwita mayu, yaani mama, ndipo akamsikiliza. Emerensiana alimweleza yote bila kuficha: kibali amenyimwa, meza yake iko hatarini, na Katibu naye ameitisha mkutano wake pale pale saa ile ile. Alitegemea mzee atatikisa kichwa na kumwambia basi tena.

Manyanda aliweka kibuyu chini. Akauliza polepole kama amesikia sawa. Kiwanja kile kile? Saa ile ile? Emerensiana akaitikia. Mzee akacheka mpaka akajifuta macho.

Kwao, akaeleza, ngoma ya maana huchezwa hivyo hivyo. Makundi mawili yanaingia kiwanja kimoja, hili huku, lile kule, yanaanza kwa pamoja, na watazamaji wako huru kwenda wanakotaka. Hakuna mwamuzi. Jua likizama, mwenye watu wengi ndiye ameshinda, na aliyeshindwa anakubali, anapewa maji, anakwenda nyumbani. Huyu Katibu wenu, alisema, kumbe ni mtu wa mashindano, na mimi nilikuwa namdharau.

Emerensiana alifungua mdomo amwambie kwamba mkutano wa serikali si ngoma. Akaufunga. Mzee alikuwa anaamini kabisa anachosema, na yeye alikuwa amechoka kuwa peke yake.

Kesho yake asubuhi Manyanda alivaa koti lake, akachukua mashahidi wawili, wanawe Masele na Makoye, akaenda ofisini kama desturi inavyotaka, maana mshindani hashtukizwi. Emerensiana alisimuliwa baadaye na Masele, akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Mzee alimsalimu Katibu kwa heshima, akamuuliza Jumamosi atachukua upande gani wa kiwanja. Katibu, akidhani huyu ni mzee mwema amekuja kusaidia kupanga viti, akasema upande wa ghala, penye kivuli. Mzee akauliza kama wataanza pamoja saa kumi. Katibu akasema saa kumi kamili, hataki mtu amcheleweshe. Mzee akawageukia wanawe akawaambia mmesikia, akashika mkono wa Katibu kwa mikono yake miwili, akamtakia nguvu. Katibu alifurahi sana. Alimwambia karani wake kwamba hao Wasukuma ndio watu waelewa hapa Majengo.

Jumamosi ikafika. Upande wa ghala kulikuwa na meza yenye kitambaa, kipaza sauti cha betri, na mgambo wawili. Mabalozi walikuwa wamesimama na madaftari, na nyuma yao watu, wengi kweli, wamepangwa nyumba kumi kumi. Upande wa pili, juani, walikuwepo Manyanda na wachezaji wake ishirini na majembe mikononi, ngoma mbili, na Emerensiana. Hakuna mwingine. Alitazama ng'ambo akawaona majirani zake wote wamesimama kivulini, wanamkwepa macho. Alikaribia kugeuka arudi nyumbani, nisiseme uongo.

Saa kumi kamili Katibu aligonga kipaza sauti na Manyanda akagonga ngoma.

Wasukuma walicheza ngoma yao ya majembe. Jembe linarushwa juu, linazunguka, linadakwa kwa mpini, mguu unapiga chini, vumbi linapanda. Watu wa kivulini walianza kupindisha shingo, lakini miguu yao haikusogea. Daftari liko mbele yako na jina lako limo, utasogea vipi? Katibu akapandisha sauti. Mgambo wakawa wanatazamana, hawajui kama wamzuie mzee ambaye bosi wao mwenyewe alimshika mkono.

Emerensiana aliona wakati unapita. Akasema moyoni, potelea mbali, akaomba jembe.

Jamani, mama yule hajui kucheza Kisukuma. Alilirusha jembe, likaenda kushoto, yeye akaenda kulia. Alipolirusha tena lilimkosa Makoye kidogo tu, kijana akaruka kama mbuzi. Kule kivulini kikatoka kicheko cha kwanza, kikafuata cha pili. Emerensiana alisikia aibu ikimpanda mpaka masikioni, lakini hakuacha. Aliokota jembe, akarusha. Aliokota, akarusha.

Josefina, binti yake mkubwa, ndiye aliyeshindwa kuvumilia kwanza. Alitoka kwenye mstari akamwachia mumewe mtoto, akavuka kiwanja anatembea harakaharaka, akasimama kando ya mama yake. Jembe hakulishika. Aliimba. Aliimba wimbo wa kupura mpunga, wa kwao Mpimbwe, na Manyanda akautegea sikio kidogo, akageuza mapigo ya ngoma yakaufuata. Hapo wanawake wa Kipimbwe walikosa pa kujificha. Wimbo ni wao, anayechekwa ni wao. Walianza kuvuka wawili wawili, kisha kumi kumi, na vigelegele. Wakonongo hawakusubiri kuambiwa. Marsela, mke wa mrina asali mmoja, alivuka na mtungi wake wa wanzuki, pombe ya asali, kichwani, akautua katikati kama aliyetumwa.

Lakini wanaume walibaki. Wanaume na mabalozi.

Katibu alipoona mkutano wake umebaki suruali tupu, alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alisema wanaocheza wanapoteza muda wao bure. Alisema kiwanja hiki kilikuwa pori na ni pori mpaka leo, hakuna mtu wa hapa aliyewahi kukitolea hata jasho. Akaamuru mabalozi waandike majina ya wote walioko upande ule, mmoja mmoja, wakianza na yule mama.

Leodgar alikuwa na kalamu mkononi. Aliitazama. Halafu alitazama chini, pale aliposimama, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha miaka mingi iliyopita. Alikwenda mpaka kwenye meza, polepole, akaliweka daftari juu ya kile kitambaa na kalamu juu ya daftari.

"Andika mwenyewe, Bwana Katibu," alisema. "Mimi naenda kwetu."

Na kipaza sauti kilikuwa wazi. Kiwanja kizima kilisikia. Leodgar alivuka peke yake, ametanguliza kifua, na nyuma yake wanaume wakaanza kuvua makoti. Josephat fundi baiskeli alivuka. Mzee Anselmo, ambaye naye aling'oa visiki, alivuka na fimbo yake. Mabalozi waliobaki walifunga madaftari wakavuka kwa aibu aibu, wakijifanya wanakwenda kuwarudisha watu wao.

Leodgar alifika mbele ya Manyanda, wakatazamana. Akamwambia ile habari ya ng'ombe na mpunga hajaisamehe. Manyanda akamjibu kwamba anajua, na kesho atakuja kwake wakae waimalize, lakini sasa achukue jembe. Leodgar akachukua. Alilirusha akalidaka mara ya kwanza, na mpaka leo anajisifu kwa hilo.

Jua lilipogusa paa la ghala, Manyanda alinyamazisha ngoma. Alichota maji kwa kata, akavuka kiwanja hadi kwenye ile meza, kundi zima likimfuata. Katibu alikuwa amekaa peke yake na mgambo mmoja. Mwenzake alikuwa amevuka kitambo. Mzee alimpa maji kwa mikono miwili, akamsifu kwamba amejitahidi, ila sauti yake haina mapigo. Katibu alitazama ile kata, akatazama nyuso mia tatu zinazomsubiri. Akanywa. Angefanya nini?

Msidhani yaliishia hapo kwa amani. Jumatatu asubuhi Emerensiana alifika sokoni akakuta meza yake imeondolewa, mahali pake pamefagiliwa safi. Aliumia, tena sana, kwa sababu mpaka saa ile alikuwa bado anatumaini kwamba mtu aliyekunywa maji ya watu atakuwa na haya. Alisimama pale kidogo. Kisha akajitwika gunia lake, akaenda nalo kiwanjani, akatandika mkeka katikati kabisa, akaanza kupima mchele. Saa nne Marsela alikuja na asali yake akakaa pembeni yake. Baadaye wakaja wasichana wa ng'ambo ya korongo na vibuyu vya maziwa. Kufika adhuhuri palikuwa na mistari miwili ya wauzaji na wanunuzi wa lugha zote, wanabishana bei.

Ndipo alipokuja mgambo, yule aliyebaki na Katibu hadi mwisho. Alisimama mbele ya mkeka, akakohoa, akasema ametumwa kumwondoa.

Emerensiana hakuinua kichwa. Alimalizia kibaba alichokuwa anapima, akakimimina kwenye kanga ya mteja, akaongeza konzi moja ya nyongeza.

"Kamwambie Bwana Katibu," alisema, "akitaka nitoke hapa, aitishe mkutano."